Goti Zima

Kwenye kibandiko nimeandika: GOTI, ZIMA.
Mwenyewe si mzima. Chengo wa Mwaringa,
mvuta mkokoteni. Lori lilimkuta Mwembe Tayari
alfajiri, likampiga kichwani;
magoti halikuyagusa.
Mkewe alitia kidole gumba kwenye karatasi,
akauliza, "Mtamkata sana?"
Nikamwambia, kijipande tu, kama ukucha.

Sasa ukucha uko chini ya hadubini,
umeme umerudi, feni inalialia.
Mimi nimezoea magoti mabovu:
utando umefura, mishipa imesongamana
kama watu wa Likoni feri ikiharibika.
Hili halina zogo.
Seli safu moja, mbili hivi,
na chini yake tu, hapo hapo mlangoni,
vishipa,
vyembamba hata chembe za damu
hupita mojamoja, kwa kujibana,
kama mtu na ndoo kwenye kichochoro cha Kuze.

Daktari Rukiya anataka idadi.
"Ugonjwa tunaujua," husema,
"uzima ndio hatujaupima."
Basi nahesabu. Nimefika hamsini na tatu,
nikapiga chafya, nikapotea.

Ajabu ni gegedu. Halina mshipa hata mmoja.
Nyumba isiyo na bomba.
Vishipa vinafika ukingoni, vinakoma,
vinachuja maji kwa vitundu vyao,
yanakuwa ute, mtelezo kama weupe wa yai,
na goti likikunjwa, likikunjuliwa,
gegedu linakunywa.

Kwetu Kibokoni bomba lilikauka zamani.
Chengo alikuja na mitungi ishirini,
matairi ya mkokoteni yakigonga mawe,
nasi kitandani tunajua: maji hayo.
Miaka kumi na mitatu
alisimama kizingitini, akamimina pipani,
akapokea sarafu zake, akaenda.
Ndani hakuwahi kuingia.
Nilimjua kwa kisogo na kwa sauti.
Siku moja tu mama alimuuliza,
"Magoti yako hayakuumi, we Chengo?"
Akacheka. "Yataniuma nikikaa."

Leo mimi nimeingia kwake,
ndani kabisa, bila hodi,
nimevaa glavu, natazama kwa jicho moja
mapipa yake yalivyokuwa yakijazwa
na wapitao kimya, usiku na mchana,
wasiodai hata shilingi.

Nafuta kioo.
Moja.
Mbili.