Masega

Taa iliwaka Ihumwa, nilipoikanyaga lami,
nyuma kreti kumi na nne za zabibu za Hombolo,
upepo wa Agosti ukipenyeza vumbi kwenye nyufa za mlango.
Kijipicha cha injini, njano ya kiini cha yai la kienyeji.
Hakikulia. Kilikaa tu,
kama mgeni asiyesema kilichomleta.

Siku tatu nilikibandika plasta.
Niseme ukweli: siku tisa.

Chilongani wa Majengo hakufungua hata boneti.
Aliinama nyuma, akanusa moshi kama anayeonja mchuzi,
akafuta mikono ambayo haikuwa imechafuka.
"Mama Nyemo, masega yamekufa.
Mapya laki tisa. Au tuyakate, tuweke bomba tupu,
na hayo ya zamani nitakuondolea mwenyewe, nikupe hata sitini."
Dalili ya mvua ni mawingu, akamalizia.

Mimi ni mzaliwa wa Mvumi.
Nimeyaona mawingu yakitujia meusi, yamejaa ahadi,
yakapita juu ya mtama wetu
kwenda kunyesha kwa watu wengine.

Na laki tisa ni kreti ngapi? Nilihesabu njia nzima,
nikaipita nyumba yangu mwenyewe.

Halafu lile neno. Masega.
Baba alikuwa na mizinga saba porini,
akanifundisha kwamba mzinga haupasuliwi
kwa sababu nyuki wamenyamaza.
Kwanza unaweka sikio.

Sechelela ana karakana Kizota, kontena la bluu lisilo na bango.
Alichomeka kimashine chini ya usukani,
kikatoa namba: sifuri, nne, mbili, sifuri.
"Namba hii inayataja masega," alisema, "lakini haijayaona.
Inarudia maneno ya sensa,
na sensa nayo huenda imedanganywa.
Liache gari lilale hapa. Nalitaka la baridi."

Saa kumi na mbili asubuhi, meno yangu yakigongana
ndani ya khanga mbili, akawasha.
Tik. Tik. Tik.
Kidogo, kama kifaranga anayedonoa bati.
"Umesikia? Likipata moto chuma kinatanuka, ufa unajifumba.
Ndiyo maana mchana hasikii mtu."
Akachovya brashi kwenye maji ya sabuni,
akapaka kiungo cha ekzosi, mbele ya sensa,
na povu likaanza kupumua.

Hapo tu.
Gasketi imeliwa upande, bolti moja imekatika shingo.
Hewa ya nje ilikuwa ikiingia kwa wizi,
sensa ikiionja, ikiripoti uongo kwa uaminifu wote.
Nawajua watu wa namna hiyo.

Elfu kumi na tano, pamoja na bolti.
Akaifuta namba, kisha akanionya:
"Usishangilie. Imezimika kwa sababu nimeizima.
Nenda Hombolo, rudi, nenda tena.
Ikinyamaza safari tatu, njoo tunywe chai.
Ikiwaka, njoo vilevile. Tutatafuta upya."

Safari ya kwanza sikuitazama barabara sawasawa.
Ya pili niliitazama.
Ya tatu, Ihumwa, palepale,
kwenye dashibodi kulikuwa na alama ya gundi ya plasta,
kimraba kilichoshika vumbi,
na ndani yake giza.
Sijawahi kulipenda giza kiasi kile.

Jana Chilongani kanikuta sokoni.
"Mama Nyemo, yale masega umeamuaje?"
Nikamchagulia kishada, cha juu kabisa, kisichopondeka.
"Yapo," nikamwambia.
"Nyuki hawajahama."