Mluzi wa Noa

Ulianza Buzuruga, kwenye kilima,
Jumanne alfajiri, mikate mia mbili nyuma yangu:
mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.
Nikapandisha redio.
Kufika Ijumaa redio haikufua dafu.

Gereji ya Nyakato haina jina, ina jiwe,
kubwa kuliko nyumba, na kivuli chake ndiyo karakana.
Vijana wawili walishanihukumu: "Giaboksi imekwisha, mzee.
Leta milioni na laki mbili, tukutafutie ya mtumba."
Fundi Lubango, sikio la kushoto limekufa kwa surua tangu utotoni,
hakutaja bei. Alisema, "Washa."

Mawe mawili mbele ya magurudumu.
Akajilaza uvunguni na bisibisi ndefu,
ncha kwenye tumbo la giaboksi,
mpini kaung'ata kwa meno.
Mfupa, aliniambia baadaye, hauna kiziwi.

Kidole kimoja: natia P. Mluzi.
Viwili: N. Mluzi uleule.
Vitatu: D, breki nimeikanyaga mpaka goti linatetemeka.
Mluzi, na chini yake mkoromo.
Kiganja kikapanda, nikaongeza moto,
nao ukapanda, sako kwa bako na injini.

Akatoka, akatema mate meusi.
"Si gia. Gia ingelia kwa zamu yake.
Hii ni pampu. Inavuta, haipati."

Akachomoa kijiti cha kupimia.
Oili njema ya giaboksi ni nyekundu, kama juisi ya choya;
yangu kahawia. Akaninusisha:
sinia lililosahaulika ovenini.
Harufu hiyo naijua kuliko yeye.

"Nani aliongeza oili? Oili gani?"

Nikatazama ziwani, wingu la wadudu
likisimama juu ya maji kama moshi usio na moto.
Mwezi wa tatu, Kamanga, nikisubiri kivuko,
niliona matone chini. Nikanunua kopo la oili ya injini,
buku nane, nikamimina mwenyewe
kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako.
Sikumwambia mtu. Hata Nyanzobe, mke wangu,
ambaye gari ni lake.

"Mimi," nikasema.

Hakucheka. Akavuta beseni, akafungua sampo.
Filta imeziba kwa tope laini;
sumaku imeota ndevu za chuma.
Akazisugua kati ya vidole: vumbi, si vipande.
"Huenda," akasema.
Nikangoja neno la pili. Halikuja.

Jioni, njia ya Igoma, nimezima redio
nasikiliza kila kitu:
mlango wa nyuma, sarafu kwenye droo,
kreti tupu zikigombana,
na mbali, labda, birika.