Zoezi la Mwalimu Chengo

Aliandika ubaoni, chaki ikilia:
Fungueni akaunti mahali patatu.
Shirikisheni kitu. Kisha mniandikie mlichokiona.
Wiki mbili, alama thelathini.
Nikarudi Kisauni na zoezi mkobani
na shilingi ishirini za bando.

Mahali pa kwanza palitaka picha.
Nikaipiga sufuria ya mama ya mabuyu,
sukari nyekundu ikitokota kama ina neno la kusema.
Watu kumi na mmoja walipenda.
Tisa ni binamu zangu.
Wa kumi ni bwana wa mji nisioujua
aliyeniuliza kama nimeolewa.
Mama akaitazama picha kupitia ufa wa kioo:
"Mbona hukunambia nivae leso nzuri?"
"Mama, wewe humo."
"Mkono wangu umo."
Kweli. Pembeni, mkono, bangili moja,
na kovu la mafuta nililolizoea hata silioni.
"Mato hayana pazia," akasema, akarudi kukoroga.
Nikaandika daftarini: faragha.
Nikapigia mstari.

Mahali pa pili, video. Sekunde arubaini:
mbegu nyeupe zaingia sufuriani, zatoka zimevaa.
Siku ya tatu nikaikuta kwa mtu mwingine,
muziki umetiwa juu, jina lake limebandikwa katikati,
watazamaji elfu sita,
na chini mtu kauliza, dada, wauzia wapi?
Naye kajibu: Nyali.
Nyali! Na sisi twauza dirishani,
mkabala na fundi viatu,
twapima kwa kikombe cha kahawa.
Mama hakukasirika nilivyotaka akasirike.
Alitaka kujua tu
kama yule naye hutia iliki.

Mahali pa tatu palikuwa waraka mmoja,
wanne twaandika humo kwa wakati mmoja,
kila mtu na kishale chake:
Mishi zambarau, Bakathir kijani, mimi rangi ya chungwa.
Wamwona mwenzio akifikiri.
Aandika, afuta, aandika, afuta,
kama mgeni aliyesimama mlangoni
na hodi imemkwama kooni.

Wa nne ni Kadzo.
Aliacha masomo mwezi wa pili, akapanda ndege ya Dammam
kwenda kulea watoto wa watu,
na hakuna aliyekumbuka kulitoa jina lake.

Saa nane za usiku, bando lapumua pumzi za mwisho,
kishale cha buluu kikaingia.
Kikasimama juu kabisa, penye kichwa cha habari.
Kikateremka polepole, mstari kwa mstari,
vile alivyokuwa akisoma kwa kidole darasani,
tukimcheka.
Kikafika kwenye neno langu "mtadao".
Kikarudi nyuma hatua moja,
kikachomeka N.

Nikaandika: Kadzo?
Kishale kikapepesa. Kikapepesa.
Nikaandika: Huko walala saa ngapi?
Ikatokea A. Ikafutwa.
Kisha pale palipokuwa na buluu
pakawa na karatasi tu.

Mwalimu, zoezi langu hili hapa, kurasa tatu.
Nimeeleza jinsi ya kuchagua nani aione picha yako.
Nimeeleza pa kupeleka mashtaka ukiibiwa video,
ingawa mashtaka yangu hayajajibiwa.
Kuhusu mahali pa tatu nimeandika:
chombo ni kizuri, hurahisisha kazi ya pamoja.
Najua ni fupi. Ukikata alama nitaelewa.

Kazi tumeshaimaliza, Mishi ashaanza nyingine,
lakini ule waraka sijaufunga.
Kila usiku, kabla sijazima simu,
naingia, naharibu neno moja kusudi,
natoka.
Leo nimeandika Mobasa.