Kijiti cha Kupimia

Greda limelala kando ya barabara ya Walungu,
jembe lake limeng'ata tope.
Mlinzi ni mimi: tochi, firimbi, koti la marehemu shemeji,
na kijiti cha mkaratusi chenye alama kumi.

Jioni nilikizamisha tangini: saba.
Alfajiri: nne na kidogo.
Kofuli zima. Firimbi shingoni, kavu.
Mvua ilipiga turubai usiku kucha,
nami chini yake nikijiambia sijalala.

Mazutu hayajui kunyamaza.
Yamedondokea majani ya migomba,
yamechora upinde wa mvua dimbwini,
yakateremka nami bondeni
hadi mlangoni kwa Nabintu.

Tangu Ijumaa mashine yake ilikuwa bubu.
Leo inakohoa, inasaga,
na wanawake wamejipanga na beseni za mahindi.
Wa tatu kwenye mstari ni mke wangu.

Hakuna aliyeniamkia.
Nabintu alipima unga wetu,
akaongeza konzi mbili
ambazo hatukuzilipia.

Saa mbili kapita Bisimwa atafika kutoka Bukavu,
daftari kwapani.
"Murhula, kijiti kinasemaje?"

Nimekaa juu ya tairi na kisu.
Alama tatu nazikwangua juu,
tatu nazichonga chini, katikati ya zile za zamani,
nazipaka tope zisionekane changa.
Nahesabu kwa kidole: saba.

Uji bado una moto tumboni.
Una ladha ya mazutu,
kwa mbali.