Jumatano ya Kofia Tatu

Kazi yangu ni kupima malori ya mahindi.
Huingia yamejaa, hutoka matupu,
natoa hili katika lile, na kinachobaki
ndicho cha kweli. Miaka ishirini na sita hapa Brenner,
Nebraska, penye ghala refu kuliko kanisa,
sijampunja mkulima hata debe.

Lakini leo ni Jumatano ya Desemba,
mabomba yameganda, na watu tisa
wamejibana katika kibanda changu cha mizani
kumtazama mtoto wa miaka kumi na saba
akichagua kofia.

Anaitwa Tavarion Prewitt, wa Beaumont, Texas.
Nyota tano, wanasema wanaojua kuhesabu nyota za watu.
Kilo mia moja na mbili, na mkono
unaorusha ule mpira wa ncha mbili
kama anayemtupia jirani funguo.
Merle Hruska ameitazama mikanda yake
hadi mkewe akahamia chumba cha wageni.
Anajua jina la mbwa wa kijana.
Anajua alichokula siku kocha wetu alipowatembelea:
mbavu za nguruwe, akaongeza mara mbili.
"Sasa niambieni," anasema Merle, miaka sitini na nane,
sauti imemkauka, "mtu anayekwenda kwingine
angeongeza?"

Nyota njema huonekana asubuhi, sawa.
Lakini mimi nimeamka asubuhi nyingi.
Nilimwona Colby Strand, nyota nne na nusu,
tuliyempokea kwa bendi na keki;
akacheza mechi tatu, akaumia kifundo,
akaumia moyo,
akahamia Florida kabla barafu haijayeyuka.
Fulana yake, namba tisa, bado naivaa
ninapopaka uzio rangi.
Tulikata kanzu, mtoto hajazaliwa.
Na mwaka huu tena Doreen wa duka la mbegu
amekwisha chapisha fulana arobaini.
"Zimo kwenye boksi tu," anasema. "Hazimdhuru mtu."

Wanabishana. Eti wale wa kusini wana pesa,
na siku hizi mkono mtupu haulambwi.
Eti kuna muuza matrekta wa Lincoln kaahidi gari.
Eti kocha mpya hajui kuzungumza na akina mama.
Eti Ijumaa kijana alionekana na soksi nyekundu.
Soksi!
Nami namimina kahawa, nimenyamaza,
kwa sababu jana usiku nilimwombea. Mimi,
niliyeapa sitapiga magoti tena
kwa ajili ya bega la mtoto wa mtu.

Sasa. Meza, kitambaa cheupe, kofia tatu.
Mkono unakwenda kwenye ya kijani.
Merle anafumba macho.
Mkono unagusa, unatuchezea, unarudi,
unanyanyua nyekundu.

Wakatoka mbio bila makoti,
wote tisa, wakirukaruka juu ya bamba la mizani,
na dirishani kwangu namba zikawaka:
kilo mia nane na kumi, mia tano, elfu moja,
zikapanda zikashuka, zikakataa kutulia.
Chombo hiki hakijui kupima kinachoruka.

Mimi nilibaki na runinga.
Nilimwona mama yake, pembeni mwa meza,
akiikunja ile kofia ya kijani taratibu,
akaitia mkobani
kama mtu anayehifadhi risiti.

Honi ikalia barabarani: Lowell, na tani zake za mahindi.
"Shukeni," nikasema kwenye kipaza sauti, "kuna lori."
Wakashuka wakikumbatiana, pumzi zikifuka moshi,
na mizani ikarudi sifuri, polepole,
kana kwamba haikutaka.

Doreen alikuwa amekwisha kuleta boksi.
Nikafungua dirisha, baridi ikanipiga meno,
nikamwambia aniwekee moja, saizi kubwa.
Uzio wangu una upande wa pili.