Debe Tupu

Mjomba Kishimba alikuwa mlinzi wa tanuri,
zamu ya usiku, miaka kumi na tisa.
Sikio la kushoto lilibaki kulekule kiwandani
kama kofia iliyosahaulika msumarini.
La kulia alirudi nalo Katuba,
na ndani yake, alisema, kulikuwa na sauti moja,
nene, ya chini, haipandi haishuki,
sauti ya shaba kabla haijawa mali ya mtu.

Kisha tanuri likazimwa.
Wenzake walilia mshahara.
Yeye alilia mshahara, na ile sauti.

Kinanda alikinunua kwa Wapentekoste wa Ruashi:
vibonyezo saba vimekufa,
na kimoja, ukikigusa, hakinyamazi.
Walikiuza kwa sababu ya hicho kimoja.
Alikinunua kwa sababu ya hicho kimoja.

Mimi nilikuwa mbeba betri.
Betri ya lori juu ya baiskeli,
asidi ikinila suruali kutoka goti kwenda chini.
Harusi yetu ya kwanza, Kamalondo,
alipiga dakika ishirini na sita bila ngoma hata moja.
Bibi harusi alisimama katikati ya ukumbi
mguu mmoja mbele,
akitafuta pa kuuweka.
Tulilipwa sahani mbili za bukari
na tukaombwa tukale nje.

“Debe tupu haliachi kuvuma,” wakasema majirani
kwa sauti ya kusikiwa.
Nilidhani atakasirika. Alinawa mikono.
“Kweli kabisa. Sasa wewe uliyesoma niambie:
kuna debe tupu kubwa kuliko lile?”
Ilikuwa Julai, baridi, hakuna wingu,
na ule mkanda mweupe wa nyota
umekatiza juu ya bomba la kiwanda
kama moshi wa zamu ya mwisho
ambao hakuna aliyeuambia uende nyumbani.

Ndipo zikaja kaseti.
*Zohali, Upande wa Nyuma.*
*Mshtarii Hana Sakafu.*
*Kilimia*, ya kwanza hadi ya nne.
Ndani yake mna transfoma ya njia panda,
friji ya baa ya Kapend,
waya wa kuanikia nguo katika upepo wa Agosti.
Tumbo langu lenye njaa limo pia,
katika Zohali, dakika ya kumi na moja.
Hakuniomba ruhusa.

Mtangazaji Odilon alitupa saa nane za usiku,
saa ambayo hata matangazo ya sabuni yamelala.
Simu zilikuja tatu.
Wa kwanza: redio yenu imeharibika.
Wa pili, mlinzi wa ghala, hakusema neno,
tulimsikia akipumua tu mpaka salio likaisha.
Wa tatu, mwanamke wa Kampemba, kwa kunong'ona:
“Mtoto amelala. Siku ya nne hii. Msizime.”

Mjomba aliandika kwa mkaa ndani ya kifuniko cha kinanda:
MSIZIME.
Hakuna sifa nyingine aliyowahi kuitunza.

Baadaye mtu wa nchi ya theluji
alituma dola kumi na moja kwa Kilimia ya tatu.
Mjomba alinunua waya mmoja na sukari kilo moja.
“Kumi na moja,” alisema mkaza mjomba, Mama Feza,
“kwa miaka ishirini.”
“Mwanga wa nyota nyingine bado uko njiani, Feza.”
“Na mkaa? Nao uko njiani?”
Alicheka yeye kwanza, kisha sisi,
lakini jioni ile hatukuwasha jiko.

Sasa la kulia nalo linaondoka.
Mjomba analaza taya juu ya mbao ya kinanda,
asikie kwa mfupa.
Jana umeme ulikatika mtaa mzima,
friji, transfoma, redio za jirani, vyote kimya,
ikabaki betri na sisi wawili.
Akanionyesha kwa kidole: kile.
Nikakibonyeza.

Sijui kilimfika wapi.
Niliona kope zake zikitulia,
na mate kidogo juu ya mbao.
Mama Feza alipita na kandili, akasimama mlangoni,
hakusema kitu kuhusu betri.
Mpaka sasa sijakizima.