Mashahidi Wawili wa Injini ya Pili

Saa nane usiku, Embakasi. Baridi ya Julai
imeingia hangani bila kitambulisho.
Rubani ameandika kitabuni, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
Kengele ya moto, injini ya pili. Ililia mara moja,
ikanyamaza. Moshi hatukuona. Tafadhali chunguzeni.

Hiyo "tafadhali" nimeipenda.
Nafungua mbavu za injini, nawasha kurunzi.

Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto,
lakini humu hakuna jirani wa kuuona moshi,
hakuna dirisha, hakuna pua.
Kuna mrija mwembamba kuliko utambi wa kibatari,
umeizunguka injini kama shanga kiunoni,
na ndani yake chumvi imelala.
Joto likipita kiasi chumvi inayeyuka,
umeme uliozibiwa njia unapenya,
na kule mbele taa nyekundu inafumbua jicho.

Mirija ni miwili, imelazwa sambamba.
Mmoja ukidai moto na wa pili ukakana,
kengele hailii; fundi ndiye anayeitwa.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo:
hapa ndipo moto uaminikapo.
Ila huu wa kwanza ulikufa tangu Kisumu,
ukafungiwa nje kwa kibali na sahihi,
na shahidi aliyebaki peke yake
akasema alilosema, akasadikiwa.

Nyuma yangu Okemwa anapima mtungi kwenye mizani
kama muuza nyama wa Burma, gramu kwa gramu,
ila yeye haongezi mfupa.
"Haujapungua," ananiambia. "Mutheu, umekula?"
Sijala. Nawaza mkono wa rubani.

Maana ungekuwa moto wa kweli, angevuta mpini:
mafuta yafungwe, hewa ifungwe, jenereta iachie.
Moto hunyimwa chakula kwanza, ndipo upigwe.
Kisha angeuzungusha mpini, na baruti ndogo,
isiyozidi tonge la ugali,
ingepasua kizibo cha mtungi,
haloni ikatoka mbio, nitrojeni ikiisukuma.
Halafu kuhesabu. Moja, mbili, hadi thelathini,
abiria wa kiti cha kumi na nne akiuliza soda.
Taa isipozimika, kuna mtungi wa pili.
Wa tatu hakuna.

Saa kumi kasoro nauona: kibano kimelegea,
mrija umesuguana nacho safari baada ya safari
hadi ngozi ikatoboka, chuma kikagusa chuma.
Haukusema uongo. Uliumia, ukalia
kwa neno pekee unalolijua.

Tunabadilisha yote miwili. Nabonyeza kitufe cha majaribio,
kengele inajaza hanga, mlinzi anaangusha kikombe.
Natia sahihi: jina langu, namba yangu, saa.
Sahihi ile itapanda angani, mimi nitapanda ngazi za kwetu.

Mukuru kumepambazuka nusu. Mabati yamegusana mabega,
waya za stima zimeazimana kutoka paa hadi paa,
mtungi hakuna, mpini hakuna,
na bomba la maji hufunguliwa Jumanne.
Mlangoni nasikia harufu. Kitu kinaungua.

Fundi aliye ndani yangu anasema ngoja,
tafuta wa pili, muulize Atemo kama naye asikia.
Mdomo haukungoja.
"Moto!" nimepiga, na kabla sijavuta pumzi
milango saba imefunguka, ndoo, beseni, sufuria ya uji,
mtoto kabebwa juu juu kama furushi,
na Atemo ametoka na kanga yake na mwiko:
"Jamani, ni maharagwe! Nilisinzia!"

Wamenicheka hadi choo cha kona.
Nami nimecheka, magoti yakitetemeka,
nikihesabu kimoyomoyo, sijui kwa nini,
ishirini na nane, ishirini na tisa.